SOMO LA WAFANYAKAZI: WATAFITI WA MAMBO YA ATLANTIKI NA JASHO LETU



Somo letu la toleo hili linahusu jambo ambalo kwa kulitazama tu laonekana liko mbali sana na kiwanda au shamba. Tutasoma juu ya vituo vya utafiti wa siasa ya nchi za nje, na hasa vile vinavyochunguza uhusiano wa Marekani na Ulaya. Huenda mmoja wetu akauliza: "Mimi nakata miwa, mwenzangu anachuma chai, na yule anashona nguo. Marekani na Ulaya wakipatana au wakigombana, yanihusu nini?" Swali hilo ni la haki, wala haifai kulijibu kwa maneno makubwa. Tulijibu kwa mfano wa hapa hapa Kampala.

1. KIWANDA CHA BUGOLOBI

Mwaka 2000 Serikali ya Marekani ilitunga sheria iitwayo AGOA. Kwa sheria hiyo bidhaa nyingi za Afrika, nguo zikiwamo, ziliruhusiwa kuingia Marekani bila kutozwa ushuru. Mwaka 2003 kiwanda cha nguo cha Tri-Star kilikuwa kimeanza kazi Bugolobi, safari fupi tu kutoka kwetu Kamwokya. Mwenye kiwanda alitoka Sri Lanka. Wasichana waliletwa kutoka wilaya nyingi za Uganda, wakafundishwa kushona, wakakaa bwenini, wakawa wanashona nguo za kupelekwa Marekani. Watu wakawaita "wasichana wa AGOA".

Mwezi wa Oktoba 2003 wasichana hao waligoma kwa sababu ya hali ya kazi yao. Zaidi ya 200 walifukuzwa. Baada ya miaka michache kiwanda chenyewe kikafungwa.

Tukiuliza kwa nini kilifungwa, tutapata majibu mengi ya karibu: umeme wa shida, safari ndefu ya kufika bandarini, madeni. Majibu hayo yana ukweli. Lakini liko jibu jingine la mbali. Tangu mwaka 1974 nchi tajiri za Marekani na Ulaya zilikuwa zimepatana kuzuia wingi wa nguo kutoka Asia kwa kuzipa nchi za huko mgawo. Nchi ikishajaza mgawo wake kwa mwaka ule, hata shati moja zaidi halipiti. Kwa sababu hiyo wenye viwanda wa Asia walianza kutafuta nchi nyingine za kuweka cherehani zao, mahali ambapo mgawo haujajaa au ambapo ushuru haupo. Afrika ikawa mahali pamoja. Kisha wakubwa wakakubaliana katika mazungumzo ya biashara ya dunia kwamba mgawo huo upunguzwe polepole, na tarehe 1 Januari 2005 ukafutwa kabisa. Tangu siku ile nguo za China na za nchi nyingine za Asia zilipita mlango mpana, na sababu kubwa ya kuja kushona Bugolobi ikapungua nguvu.

Sasa tuangalie vizuri. Tarehe hiyo ya Januari 2005 ilijulikana miaka kumi kabla. Iliandikwa katika mapatano ya mwaka 1994. Watafiti wa Washington, London na Brussels walikuwa wakiijadili mezani. Msichana aliyetoka wilayani mwaka 2003 na sanduku lake, akiamini amepata kazi ya maisha, aliambiwa na nani?

Hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Mfanyakazi asiyejua mambo yanayotayarishwa mbali huyapata yakiwa tayari yamekwisha kuwa amri.

2. MAANA YA MANENO

Atlantiki ni bahari iliyo kati ya Ulaya na Amerika. Watu wanaposema "uhusiano wa Atlantiki" wana maana ya mapatano na magomvi kati ya Marekani na Kanada upande mmoja, na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na wenzao upande wa pili. Uhusiano huo una mambo matatu makubwa. La kwanza ni ulinzi: mwaka 1949 walianzisha umoja wa kijeshi wa NATO. La pili ni biashara na fedha. La tatu ni siasa, yaani namna ya kushughulika na nchi nyingine za dunia, na sisi tumo katika hizo "nchi nyingine".

Kituo cha utafiti wa siasa ya nje ni mahali ambapo wasomi, mabalozi wastaafu, wanajeshi wastaafu na waandishi hulipwa ili wachunguze mambo hayo na kuandika. Hakitungi sheria wala hakiamuru jeshi. Kazi yake ni kutayarisha mawazo kabla ya wakubwa kuamua. Wanaandika taarifa fupi kwa waziri asiye na nafasi ya kusoma kitabu. Wanaitisha mikutano ambamo ofisa wa Washington na ofisa wa Berlin wanaweza kusemezana bila kuandikwa gazetini. Wanafundisha vijana ambao kesho watakuwa maofisa wenyewe. Na serikali inapobadilika, mara nyingi mtafiti wa jana ndiye mshauri wa waziri wa leo.

Kwa hiyo nguvu yao ni ya namna ya pekee. Seremala hapigi msumari mpaka mtu amepima ubao. Hawa ndio wapimaji.

3. VITUO HIVI VILIANZAJE

Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wajumbe wa Uingereza na wa Marekani walikuwa Paris kwa mkutano wa amani. Baadhi yao walikutana katika Hoteli Majestic wakakubaliana kuanzisha chama kimoja cha kuchunguza mambo ya dunia, chenye tawi London na tawi New York. Mwishowe vikawa viwili. Cha London kilianza mwaka 1920, nacho hujulikana kwa jina la nyumba yake, Chatham House. Cha New York, Council on Foreign Relations, kilianza mwaka 1921. Baadaye vilifuata vingine vingi. Atlantic Council kilianza Washington mwaka 1961. Mwaka 1972 Ujerumani ya Magharibi ilitoa fedha kuanzisha German Marshall Fund, iwe shukrani kwa msaada ambao Marekani iliipa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili.

Tukumbuke jambo moja juu ya mkutano ule wa Paris. Makoloni ya Mjerumani, Tanganyika ikiwamo, yaligawanywa katika mkutano huo wa amani. Waliozaliwa katika makoloni hayo hawakuwamo hotelini.

4. KITABU CHA LORD HAILEY

Tutazame sasa kazi moja ya vituo hivi iliyotufikia sisi wenyewe. Mwaka 1938 ulitolewa uchunguzi mkubwa juu ya Afrika, kitabu chenye kurasa zaidi ya 1,800. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Lord Hailey, aliyekuwa gavana huko India. Chatham House ya London ndiyo iliyosimamia, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Hapo tunaona Atlantiki ikifanya kazi: wasomi wa upande mmoja, fedha za upande mwingine, na Afrika ndiyo inayochunguzwa.

Kitabu hicho kilieleza mambo mengi: ardhi, kodi, afya, shule, na kazi ya mshahara. Kilisaidia kuwafanya wakubwa wa London wakubali kwamba makoloni hayawezi kuachwa yajilipie kila kitu. Mwaka 1940 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Maendeleo na Hali Njema ya Makoloni. Iliruhusu matumizi ya hadi pauni milioni 5 kwa mwaka kwa maendeleo na pauni 500,000 kwa mwaka kwa utafiti. Tena iliweka sharti: koloni litakalopata fedha lazima liwe na sheria ya kuruhusu vyama vya wafanyakazi.

Je, tuseme basi kwamba haki ya kuunda chama tuliletewa na kitabu? Hapana. Tukumbuke yaliyotokea miaka hiyo. Wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waligoma mwaka 1935, na baadhi yao wakapigwa risasi wakafa. Wafanyakazi wa Trinidad waliinuka mwaka 1937, wa Jamaica mwaka 1938. Mwaka 1939 Mombasa iligoma, na makuli wa bandari ya Dar es Salaam pia. Wakubwa waliona kwamba moto umewaka kila mahali, ndipo wakafungua kitabu kutafuta maji. Utafiti uliwaonyesha njia, lakini waliolazimisha safari yenyewe ni wafanyakazi.

Hata hapa Uganda hali ilikuwa hiyo. Mwezi wa Januari 1945, wakati bei zimepanda kwa ajili ya vita na mishahara imebaki pale pale, wafanyakazi waligoma Kampala na miji mingine. Baada ya vita ikaanzishwa Makerere taasisi ya utafiti wa mambo ya jamii, kwa fedha za maendeleo ya makoloni. Moja ya kazi zake za kwanza, iliyotolewa kitabu mwaka 1954 chini ya Audrey Richards, ilichunguza wafanyakazi waliohamia Buganda kutoka Ruanda-Urundi na kwingineko. Wazee wetu, walioacha makwao wakalima pamba na kahawa ya watu wengine, walihesabiwa, wakaulizwa, wakaandikwa. Kazi hiyo ina thamani mpaka leo. Lakini walioulizwa wengi hawakupata kukisoma kitabu hicho, maana hakikuandikwa kwa lugha yao.

5. WALIPOGOMBANA JUU YA VYAMA VYETU

Msidhani kwamba mambo ya Atlantiki ni ya serikali na matajiri tu. Yameingia mpaka ndani ya vyama vya wafanyakazi.

Mwaka 1945 vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, Urusi, Ufaransa, na baadhi ya vile vya Marekani viliungana katika shirikisho moja la dunia, WFTU. Tarehe 5 Juni 1947 waziri wa nje wa Marekani, George Marshall, alitangaza mpango wa kuisaidia Ulaya iliyoharibiwa na vita. Huo ndio ulioitwa Mpango wa Marshall, na gharama yake ilifika dola bilioni 13 hivi. Urusi iliukataa. Vyama vya upande wa Urusi vikaupinga, vya Uingereza na Marekani vikauunga mkono. Mwezi wa Januari 1949 Waingereza na Wamarekani wakajitoa WFTU, na mwishoni mwa mwaka ule ule wakaanzisha London shirikisho jipya, ICFTU, lenye makao yake Brussels.

Ugomvi huo ulikuwa wa Ulaya, lakini ulikuja mpaka Kampala. Mwaka 1958 ICFTU ilifungua hapa Kampala chuo cha wafanyakazi wa Afrika. Vijana wa vyama kutoka nchi nyingi zilizokuwa chini ya Mwingereza walikuja kusoma: namna ya kuendesha tawi, kuweka hesabu za ada, kujadiliana na mwajiri, kuelewa sheria ya kazi. Chuo hicho kilifanya kazi njema. Wengi waliotoka hapo waliongoza vyama vyao.

Lakini hata kabla ya chuo, wafadhili wenyewe hawakuwa na moyo mmoja. Vyama vya Uingereza viliona Afrika Mashariki ni shamba lao la kulea, polepole, kwa njia ya serikali ya kikoloni. Wamarekani wa AFL-CIO walitaka mambo yaende upesi, wakiogopa kwamba Waafrika wakichoka watageukia Moscow. Mwaka 1956 Tom Mboya wa Kenya alipokwenda Marekani, AFL-CIO ilimpa dola 35,000 za kujenga nyumba ya vyama Nairobi. Waingereza wakakasirika: mbona mnaingia mlango wetu bila hodi? Ndivyo ndugu wa Atlantiki walivyovutana, na kamba waliyoivuta ilikuwa sisi.

Liko na jambo jingine la kusikitisha. Mwaka 1967 Thomas Braden, aliyekuwa ofisa wa idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, aliandika waziwazi katika gazeti kwamba aliwahi kumpa Irving Brown fedha za idara hiyo kwa kazi za vyama huko Ulaya. Brown huyo ndiye aliyekuwa akiongoza, tangu 1964, kituo cha AFL-CIO cha kazi za Afrika. Upande wa pili nao Urusi na wenzake walikuwa wakiyasaidia mashirikisho yaliyowafuata wao. Hakuna aliyekuwa akitoa bure.

Matokeo kwetu yalikuwa mgawanyiko. Afrika nzima iligawanyika kati ya waliobaki ICFTU na waliofuata shirikisho lililoanzishwa Casablanca mwaka 1961. Uganda ilikuwa na UTUC upande mmoja, na kutoka 1964 FUTU upande wa pili. Viongozi walishindana juu ya nani anatambuliwa Brussels na nani Accra, wakati mfanyakazi wa shamba alikuwa bado anangoja nyongeza ya mshahara. Serikali ilipoona vyama vimegawanyika iliona pia nafasi ya kuviweka chini ya mkono wake. Chuo cha Kampala kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 AFL-CIO yenyewe ikajitoa ICFTU kwa ugomvi na Wazungu wenzao wa Ulaya, ikarudi mwaka 1982.

Fundisho hapa halisemi kwamba tukatae urafiki wa wafanyakazi wa nje. Wafanyakazi wa dunia ni ndugu, na masomo ya chuo kile yalikuwa masomo ya kweli. Fundisho ni kwamba chama kisichosimama kwa ada ya wanachama wake husimama kwa mguu wa mtu mwingine, na siku mtu huyo akitaka kutembea, chama huanguka. Wazee walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

6. KAHAWA: WAKIPATANA, WAKIACHANA

Mfano wa kahawa ni mfupi lakini unagusa mamilioni. Mwaka 1962 nchi zinazolima na nchi zinazonunua zilifanya mapatano ya dunia, ofisi ikawa London. Kila nchi inayolima ilipewa mgawo wa kuuza ili bei isianguke. Marekani, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilikubali kwa sababu baada ya mapinduzi ya Cuba ya 1959 iliogopa kwamba wakulima wa Amerika ya Kusini wakifilisika watafuata njia hiyo. Yaani bei ya robusta ya Masaka ilishikiliwa kwa sehemu na hofu ya Washington.

Vita baridi vilipokuwa vinapoa, hofu hiyo ikaisha, na wanunuzi pamoja na wauzaji wakashindwa kupatana. Tarehe 4 Julai 1989 mgawo uliondolewa. Bei ikaanguka karibu nusu. Mkulima, kibarua wake, mfanyakazi wa kiwanda cha kukoboa, na dereva wa lori, wote walilipa.

Mara nyingine pande hizo mbili hazifuati njia moja. Wakati wa Idi Amin, nchi za Soko la Ulaya zilisema mwaka 1977 kwamba msaada wao usitumike kuendeleza ukatili, lakini biashara iliendelea. Marekani ilikwenda mbali zaidi: mwezi wa Oktoba 1978 ilipiga marufuku kahawa ya Uganda, ambayo karibu theluthi moja ilikuwa ikinunuliwa huko. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1979 baada ya Amin kuanguka. Mpaka leo watafiti wanabishana ni kiasi gani yalimwumiza Amin na kiasi gani yalimwumiza mkulima.

Na mambo hayo hayajaisha. Tarehe 1 Januari 2024 Uganda iliondolewa katika AGOA. Serikali ya Marekani ilitaja haki za binadamu kuwa sababu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya, ambao hununua zaidi ya nusu ya kahawa yetu, ulitunga sheria kwamba kahawa iliyolimwa mahali palipokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020 isiingie kwao, na kila shamba lionyeshwe lilipo. Tarehe ya kuanza sheria hiyo imeahirishwa zaidi ya mara moja. Mwezi wa Agosti 2025 Ulaya na Marekani zilitoa tamko la pamoja juu ya biashara, na humo Ulaya iliahidi kuyashughulikia malalamiko ya wazalishaji wa Marekani juu ya sheria hiyo hiyo ya misitu. Mkulima wa Marekani amepata mtu wa kumsemea mezani. Wa kwetu amesemewa na nani?

7. VITUO VYA HAPA KWETU

Sisi tunaokaa Kamwokya hatuhitaji kwenda mbali kuona mambo haya. Ofisi ya Balozi wa Uingereza iko Windsor Loop, hapa hapa Kamwokya. Ukipanda Kololo utakuta mashirika ya Kijerumani kama Friedrich Ebert na Konrad Adenauer, ambayo huitisha mikutano na kutoa taarifa. Chini yake ni vyumba vyetu vya mizigo, soko, mtaro unaofurika mvua ikinyesha, na watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwandani. Mwendo wa dakika chache unatenganisha anayeandika juu ya umaskini na anayeuishi.

Lakini si watafiti wote ni wageni. Katika mtaa wa Kanjokya, Kamwokya, iko ofisi ya ACODE, kituo cha utafiti cha Waganda kilichoanza mwaka 1999. Kinachunguza matumizi ya fedha za serikali, kazi ya madiwani wa wilaya, ardhi na mazingira. Wakati serikali ilipotoa msitu wa Butamira, huko Jinja, kwa kiwanda cha sukari cha Kakira, ACODE haikuishia kuandika. Ilikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2005 mahakama ikaamua kwamba serikali inaushika msitu kwa amana ya wananchi, haikuwa na haki ya kuutoa bila wao kukubali.

Ndugu wa mashamba ya miwa, nanyi mlifikirie jambo hilo bila haraka. Miwa ikiongezeka, pengine kazi zinaongezeka. Msitu ukiondoka, kuni za mke wako na maji ya kijiji yanaondoka pia. Nani alimwuliza kibarua upande wake ni upi? Kama chama kingekuwa na hesabu zake, kikajua ni kazi ngapi za kweli zitapatikana, kwa mshahara gani na kwa muda gani, kingeweza kusema neno lake.

Iko shida ya fedha vile vile. Vituo vya kwetu vingi vimeishi kwa misaada ya Ulaya na Marekani. Mfuko wa DGF, uliochangiwa na nchi kadhaa za Ulaya, ulisimamishwa na serikali mwaka 2021 ukafungwa mwisho wa 2022. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa mwaka 2025. Kila mfuko unapofungwa, wachunguzi wanapunguzwa, na kazi iliyoanzwa inalala kabatini. Mtu hawezi kuwalaumu kwa kupokea. Laiti vyama vyetu vingekuwa na nguvu ya kuwachangia hata kidogo, wangekuwa na mtu wa nyumbani wa kumjibu.

8. MASWALI MATANO YA KUMWULIZA MTAFITI

Taarifa ikija tawini, au mchunguzi akija langoni na karatasi zake, msimfukuze, wala msimwamini kwa sababu ana miwani na gari. Mwulizeni haya:

Kwanza: Nani amelipa kazi hii, naye anataka kupata nini?

Pili: Mmewauliza watu gani? Mkurugenzi na ofisa wa wizara tu, au hata mfungaji wa mizigo na mchuma chai?

Tatu: Maneno yenu yana maana gani? Mkisema "soko huru", huru kwa nani? Mkisema "kupunguza gharama", gharama hiyo ni mshahara wa nani?

Nne: Mnashauri nini kifanyike, na kikifanyika nani atapata na nani atapoteza?

Tano: Matokeo yatarudi kwetu lini, na kwa lugha gani?

La tano ni kubwa. Katika mashamba na viwanda vya Uganda hukutana Mganda, Mlugbara, Mnyarwanda, Mluo na Mteso, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha kazini. Taarifa iliyoandikwa Kiingereza peke yake imewafungia nje watu wale wale iliowahesabu.

9. KAZI YA TAWI

Utafiti si uchawi. Ni kuuliza, kuandika, kuhesabu na kulinganisha. Sisi nasi twaweza. Kima cha chini cha mshahara cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada mpya, lakini Rais hakuutia sahihi. Tukienda kudai tukiwa na hasira tu, tutaambiwa uchumi hauruhusu. Tukienda na daftari lenye bei ya posho na maharagwe katika soko la Kamwokya kila mwezi, kodi ya chumba kimoja, nauli ya taksi, ada ya shule, pamoja na hati za mishahara ya wenzetu mia moja, mwajiri atalazimika kujibu hesabu kwa hesabu.

Kwa hiyo kila tawi lichague watu watatu wanaojua kusoma na kuandika vizuri, mwanamke mmoja walau akiwamo. Kazi yao iwe kushika daftari hilo, na kusikiliza habari za biashara ya nje: ushuru gani umebadilika, mapatano gani yanakwisha lini, bidhaa yetu inakwenda wapi. Kila mwezi waeleze mkutano kwa dakika kumi. Hapo tarehe kama ile ya 1 Januari 2005 haitatukuta tumelala.

MASWALI YA KUJADILI

1. Bidhaa mnayotengeneza au mnayolima huuzwa nchi gani? Nani tawini anajua, na alijuaje?

2. Kama mngekuwa wajumbe wa chama katika kiwanda cha Bugolobi mwaka 2003, na mmejua kwamba mgawo wa nguo utafutwa 2005, mngedai nini katika mkataba?

3. Haki ya kuunda chama ilitokana zaidi na nini: taarifa za wasomi au migomo ya wafanyakazi? Je, moja ingetosha bila ya nyingine?

4. Chuo cha Kampala kilifundisha vizuri, lakini hakikudumu. Tufanye nini ili masomo ya chama chetu yasitegemee fedha za nje peke yake?

5. Andikeni bei za vitu kumi ambavyo kila nyumba hununua. Zilinganisheni na mshahara wa mwezi. Iliyobaki ni kiasi gani? Leteni jibu kwenye mkutano ujao.